Maswali ya Wasomaji: Milima ya Lushoto na Watu Wake

Katika toleo hili tumeweka pamoja barua nne zinazohusu Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga. Zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini jibu la moja husaidia kuelewa nyingine, hivyo tunamwomba msomaji azisome kwa mfuatano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Korogwe. Wakati wa likizo nilipanda gari kutoka Mombo kwenda kwa shangazi yangu Lushoto. Mombo kulikuwa na joto kali, lakini tulipofika juu nilitafuta sweta, ingawa safari yenyewe ni ya kilomita thelathini na kitu. Dereva alituambia kuwa milima ile ni ya volkano kama Kilimanjaro na ndiyo maana ina baridi. Rafiki yangu anasema baridi inaletwa na msitu. Nani yuko sahihi?

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliye sahihi kati yao, ijapokuwa rafiki yako amekaribia jambo la maana. Tuanze na mwamba. Mlima Kilimanjaro ulijengwa na volkano na, kwa umri wa milima, bado ni mchanga, lakini Usambara haikuwahi kuwa volkano. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguu na Uluguru hadi kufika Udzungwa. Mwamba wake mkuu unaitwa nais, nao uligeuzwa na joto na mgandamizo ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baadaye ganda la dunia lilipasuka kwa mistari mirefu, vipande vingine vikainuka na vingine vikashuka. Kwa sababu hiyo ukisimama kwenye jabali la Irente unaona mlima umekatika ghafla hadi tambarare ya chini, na kwa sababu hiyo hiyo bonde la Lwengera limeitenga Usambara ya Magharibi, iliko Lushoto, na Usambara ya Mashariki, iliko Amani.

Baridi nayo inatokana na mwinuko. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua joto kwa wastani wa takriban nyuzi joto 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Mombo iko kwenye mita mia nne na kitu kutoka usawa wa bahari, mji wa Lushoto uko karibu na mita 1,400, na vilele vya juu kabisa vya wilaya vinapita mita 2,200. Ukilijua hilo huwezi kushangaa kwamba sehemu za Shume, usiku wa mwezi wa Julai, huweza kushuka chini ya nyuzi joto 10.

Ukiulizwa darasani kuhusu mvua, usitaje mwinuko peke yake, taja pia upande ambao mteremko umeelekea. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hukutana kwanza na miteremko ya kusini na mashariki, hulazimika kupanda, hupoa na kuacha mvua huko. Zikishavuka kuelekea Mkomazi huwa zimebakiwa na unyevu kidogo. Ndiyo sababu upande wa Bumbuli na Mazumbai hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, huku nyanda zilizo nyuma ya mlima mara nyingi hazifiki 600. Mvua kubwa ni za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Katikati yake, msimu wa kusi, miteremko iliyoelekea bahari hupata manyunyu ambayo mkulima wa tambarare hayajui kabisa.

Sasa turudi kwa rafiki yako. Msitu hauleti baridi ya Lushoto, ila hutunza maji. Kuvumwani inayoota juu ya mashina ya miti, pamoja na majani ya msitu wa Magamba, hunasa ukungu na kuudondosha ardhini, na udongo wa chini ya miti huyaachia maji hayo pole pole wakati wa kiangazi. Misitu hii ni ya kale sana na imekaa peke yake juu ya milima, ikizungukwa na nyanda kavu, kwa muda mrefu kiasi cha kuzaa viumbe visivyopatikana kwingine. Ua dogo la zambarau la Saintpaulia, ambalo leo hupandwa madirishani katika nchi nyingi, lilichukuliwa Usambara mwaka 1892 na ofisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, na mwaka uliofuata likaelezwa rasmi katika elimu ya mimea kwa jina lake. Mtihani wako huenda usiulize jambo hilo, lakini mtu wa Tanga anapaswa kulijua.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mzaliwa wa Shinyanga, na nimehamishiwa shule moja ya upande wa Mlalo. Kwetu mtu ana shamba lake moja, kubwa, karibu na nyumba. Huku naona nyumba zimesongamana juu ya migongo ya vilima, na kila familia ina vipande vingi vya ardhi: kimoja nyuma ya nyumba, kingine bondeni, kingine chini kabisa nyikani, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Kuna majuma ambayo baadhi ya wanafunzi wangu hawaonekani kwa sababu familia zimeshuka nyikani. Je, huu si upotevu wa nguvu? Kwa nini watu wasibadilishane vipande na kuunganisha mashamba yao?

Ndugu Mwalimu, swali lako ndilo lililotufanya tuipe Lushoto nafasi kubwa kiasi hiki, kwani mtu anayelielewa jambo hili ameielewa nusu ya wilaya. Anayeitazama Lushoto kama milima pekee huona vurugu ya mashamba. Inabidi kuitazama milima pamoja na nyika inayoizunguka kama ardhi moja yenye ngazi, ambayo familia hujitahidi kuwa na mahali pa kukanyaga katika kila ngazi.

Fikiria mazao. Juu, kwenye baridi, hustawi viazi mviringo, kabichi, karoti, plamu, pichi na peasi. Kwenye miteremko ya kati kuna migomba, maharage, kahawa na, upande wa Bumbuli, chai. Chini, kwenye joto, mahindi hukomaa mapema zaidi, na palipo na maji ya kumwagilia, kama Mombo na Mng'aro, hulimwa mpunga. Misimu ya ngazi hizo hailingani. Vuli ikikosekana nyikani, huenda migomba na maharage ya mlimani yakaibeba nyumba hadi masika; mlimani kukipigwa na baridi au ugonjwa wa viazi, huenda mahindi ya chini yakawa yamekwisha kuvunwa. Mtu mwenye shamba moja kubwa mahali pamoja anaitegemea mvua moja. Mwenye vipande vitatu katika miinuko mitatu amegawanya hatari, na sijaona utaratibu wa bima ya mazao ambao ungemfaa mkulima wa Mlalo kuliko huo aliorithi.

Mahali pa nyumba nako kuna sababu zake. Vijiji vya zamani vya Wasambaa vilijengwa migongoni, na vingi pembezoni mwa mlima, mahali ambapo mtu angeweza kulima juu na chini bila kulala mbali na kwake. Mtae ni mfano mzuri kuliko yote: kijiji kiko kwenye ukingo mwembamba, ukitazama mbele unaona nyanda za Mkomazi na, siku ya anga safi, ardhi ya Kenya. Nyika ilikuwa mahali pa chakula, lakini pia mahali pa homa, wanyama wakali na wavamizi. Mlimani palikuwa na ubaridi, maji na usalama.

Utawala wa Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, uliijengea siasa ardhi hiyo ya ngazi. Simulizi za Wasambaa husema kwamba Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliwapa watu nyama, akamuua simba, kisha akakubaliwa kuwa mfalme, na mji wa Vuga ukawa makao ya ukoo wake. Chini ya mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, dola hiyo ilifika mpaka pwani. Mfalme, aliyeitwa Simba Mwene, alitazamiwa kuleta mvua na kuiweka nchi katika hali njema, jambo lisilo dogo mahali ambapo mvua ya upande mmoja wa kilima haihakikishi ya upande wa pili. Baada ya kifo cha Kimweri warithi walipigana, bunduki na biashara ya watumwa vikauchochea ugomvi huo, huku mwanawe Semboja akijiimarisha Mazinde, chini kwenye njia ya misafara. Katika miaka hiyo kijiji cha mgongoni kilikuwa ngome kwa maana halisi ya neno.

Ufinyu wa ardhi unaouona leo, hata hivyo, haukuletwa na wazee hao peke yao. Wajerumani walijenga mji wao wa Wilhelmstal, ambao ndio Lushoto ya sasa, wakagawa mashamba kwa walowezi na kuzuia sehemu kubwa za misitu. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo nguvu kazi ya wanaume ilianza kushuka kwenda mashamba ya mkonge, kisha Tanga mjini na Dar es Salaam. Idadi ya watu ikaendelea kukua: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 wilayani. Baba mwenye vipande vinne na watoto sita huwagawia vijisehemu ambavyo wao nao watavigawa, na hapo ndipo utaratibu mzuri wa kale unapokwama. Kipande kinapokuwa kidogo mno, mwenyewe hushindwa kukiacha kipumzike, hushindwa kutoa ukanda wa nyasi kuzuia udongo, na hulima hata mahali ambapo babu yake aliacha kichaka.

Kwa hiyo, Mwalimu, sikubaliani na rai ya kuunganisha mashamba. Atakayekubali kubadilisha kipande cha nyikani kwa cha mlimani atakuwa ameukata mguu mmoja wa maisha yake. Gharama unayoiona wewe ni ya kweli, na mara nyingi hulipwa na wanawake, ambao hupanda mlima na mzigo wa mahindi kichwani na mtoto mgongoni wakati waume zao wako mjini. Kinachoweza kupunguza gharama hiyo ni barabara za vijijini zinazopitika wakati wa mvua, mashine za kusaga zilizo karibu, na majirani kuendelea kusaidiana kwa zamu wakati wa kulima na kuvuna, desturi ambayo bado ipo lakini inazidi kugeuzwa kuwa vibarua vya malipo.

Kuhusu wanafunzi wako, ningekuomba usilione jambo hilo kuwa uzembe wa wazazi. Kaa na kamati ya shule, uwaulize wazee ni majuma gani familia hushuka kupanda, kulinda ndege na wanyama, na kuvuna, kisha mpange mazoezi na mitihani ya ndani kuyakwepa majuma hayo. Kijiji kitakusikiliza zaidi ukifika msibani na kwenye mkutano kabla ya kufika na malalamiko. Utakuta Waislamu na Wakristo katika ukoo mmoja, hata katika nyumba moja, na wote huzika pamoja. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, Wakatoliki wakajenga Gare na kwingineko baada ya hapo, na Uislamu ulipanda kutoka pwani kwa njia ya biashara, lakini undugu wa kijiji haukufuata mipaka ya dini. Mgeni anayeufahamu mapema hupata wenyeji wa kumshika mkono.

Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba Lushoto kuna watu wanaoitwa Wambugu wenye lugha isiyofanana na ya jirani yeyote. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni?

Ni kweli. Wambugu wanaishi hasa sehemu za juu, kando ya misitu na mbuga za nyasi za baridi, na kwa asili ni wafugaji waliofika Usambara kutoka upande wa Upare. Lugha yao ya ndani imewashughulisha wataalamu wa isimu kwa miaka mingi kwa sababu maneno yake mengi ya msingi ni ya jamii ya Kikushi, huku viambishi na muundo wa sentensi vikiwa vya Kibantu kama vya Kipare na Kisambaa. Wengi wao huzungumza pia Kisambaa na Kiswahili, na vijana wengi siku hizi hutumia lugha hizo zaidi. Ukimkuta mzee Mmbugu aliye tayari kuongea, muombe ruhusa, umsikilize, na uandike.

Ndugu Mhariri, nalima mbogamboga kwenye bonde karibu na Lukozi. Shamba langu limepakana na kijito, na bila bonde hilo nisingeweza kusomesha watoto. Mwaka huu viongozi wametutangazia kwamba hairuhusiwi kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Wametuambia pia tupande majani kwenye miteremko na kuweka matuta. Wazee wamegoma, na marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi matuta yalivyowatesa zamani za mkoloni. Je, sheria hiyo ipo kweli? Na sisi wenye mabonde tu tule nini?

Ndugu yangu, sheria ipo. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa shughuli za kibinadamu za kudumu, na pia zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mazingira. Kulima kwa jembe hadi ukingoni, kunyunyizia dawa na kuosha bomba la dawa kijitoni ni shughuli ambazo ni vigumu kuzitetea mbele ya sheria hiyo. Nakiri kwamba iliandikwa kwa nchi nzima, na mabonde ya Lushoto ni membamba: ukipima mita 60 kila upande wa kijito, katika sehemu nyingi umelimaliza bonde lote na kuanza kupanda mlima. Viongozi wanaoisoma kama tangazo na kuondoka wanamwachia mkulima mzigo asioweza kuubeba.

Wazee wako hawakugoma bila sababu, na anayetaka kuhifadhi udongo wa Usambara asipoijua historia hiyo atashindwa kama waliomtangulia. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kurekebisha ardhi, baadaye ukapanuliwa kuwa mpango wa Usambara nzima. Kaya ziliamriwa kuchimba matuta kwenye mashamba yao, na waliokaidi walishitakiwa na kuadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito mno, ilianguka zaidi juu ya wanawake waliobaki nyumbani, na mavuno hayakuongezeka kiasi cha kuilipa. Watu waliiona pia kuwa hila ya kunyang'anywa ardhi, chuki hiyo ikaipa TANU wafuasi wengi milimani, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Udongo uliendelea kuteremka na maji, lakini neno matuta lilibaki na kidonda.

Njia iliyofuata ilikuwa na busara zaidi. Kuanzia mwaka 1981, mradi wa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, ulihimiza kupanda mistari ya majani ya Guatemala na majani ya tembo kwa kufuata usawa wa mteremko, pamoja na miti ya mgrevilea na ng'ombe wa maziwa wanaofungwa zizini. Majani yaleyale yanayoshika udongo hulishwa ng'ombe, ng'ombe hutoa maziwa na samadi, samadi hurudi shambani. Mkulima aliona faida ndani ya mwaka, na palipokuwa na faida hapakuhitajika polisi. Mistari hiyo bado inaonekana katika vijiji vingi, na ndiyo ningekushauri uanze nayo kwenye mteremko ulio juu ya bonde lako, kwa sababu mchanga unaoziba kijito chako unatoka huko. Udongo wa juu ukishakwenda, hata mbolea ya dukani hupita na maji.

Bondeni kwenyewe, achia ukanda kando ya maji usiotifuliwa kabisa, upande nyasi za kudumu ambazo utazikata kwa ajili ya mifugo, na ulime mbogamboga nyuma yake. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwani hunywa maji mengi. Dawa changanya mbali na kijito. Mambo haya hayakuondolei wajibu wa sheria, lakini yanakuweka mahali pazuri pa kuzungumza na serikali ya kijiji chako, na yanamlinda jirani wa chini. Maji ya milima yenu hayaishii Lukozi: mito ya wilaya upande mmoja huingia Umba, inayokwenda hadi Vanga nchini Kenya, na upande mwingine huingia Mkomazi na Lwengera, ambazo hujiunga na mto Pangani juu ya mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Wakulima wa mpunga wa Mombo wanayasubiri maji hayo hayo.

Hatua ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, na ambao unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mwombeni mwenyekiti na mtendaji waweke suala la mabonde kwenye ajenda, bwana shamba na ofisa mazingira waalikwe, na vipimo vifanyike hadharani, kitongoji kwa kitongoji, badala ya kila mmoja kukisia kwa hatua za miguu. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo hupata nguvu zikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na humo mnaweza kupanga upana wa ukanda wa nyasi, zamu za maji na faini kwa anayeosha bomba la dawa mtoni, mradi msipingane na sheria ya nchi. Mgogoro wa mpaka ukizuka kati yako na jirani, pelekeni kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, chombo cha usuluhishi chenye wajumbe saba, ambao wasiopungua watatu ni wanawake. Hakikisha mlichokubaliana kimeandikwa kwenye muhtasari na uombe nakala.

Kuhusu kipato, naomba kijiji chenu kilizungumzie pia suala la lumbesa. Mkulima anayelazimishwa na dalali kujaza gunia hadi lipandishwe kilemba analipwa gunia moja kwa mazao yanayolizidi, kisha hutafuta kufidia hasara kwa kulima hatua nyingine mbili kuelekea mtoni. Mkikubaliana kuuza kwa mizani kupitia kikundi au chama chenu cha ushirika, kipande kile kile cha bonde kinaweza kukupa fedha zaidi bila kukisogeza ukingoni. Anza na majirani wanaopakana nawe kwenye kijito hicho, maana nyote mnauza kwa madalali wale wale.